Namna ya Kuamua Homoni za Matibabu ya Uzazi Pamoja na Daktari Wako

Mwanamke anayeanza matibabu ya uzazi hukutana na homoni nyingi kwa muda mfupi: vidonge vya kupevusha mayai, sindano za kila jioni chini ya ngozi ya tumbo, sindano moja ya usiku ambayo saa yake haipaswi kukosewa, kisha projesteroni, homoni ya kuutunza ujauzito, ya kuweka ukeni, kumeza au kudungwa kwenye msuli. Wengi hupokea cheti cha dawa na kwenda dirishani bila swali, wakiamini kwamba kwa kila hatua kuna dawa moja tu inayofaa. Sivyo ilivyo. Karibu kila hatua ina njia zaidi ya moja, na njia hizo hazileti matokeo yale yale: moja huongeza uwezekano wa kumpakata mtoto, nyingine huongeza pacha, nyingine hugusa shinikizo la damu la mama miezi kadhaa baada ya kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kupandikizwa, na nyingine hutofautiana kwa bei tu.

Mwongozo huu unazifuata hatua hizo kwa mfuatano wake, ili mgonjwa na mwenzi wake wakae mbele ya daktari wakiwa na maswali yenye maana. Kipimo kinachotumika hapa ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, nacho si wingi wa mayai wala jibu la kwanza la kipimo cha mimba, bali ni mtoto mmoja mzima aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake, na mama aliyetoka wodini salama. Uamuzi wa dawa na dozi unabaki kuwa wa daktari anayekuona na anayejua umri wako, uzito wako na historia yako. Haki yako ni kuelewa kwa nini amechagua hivyo.

Kabla ya homoni yoyote, tafuta chanzo

Dawa za kupevusha mayai hufanya kazi moja: huiwezesha ovari kukuza yai na kuliachia. Haziwezi kuzibua mirija ya uzazi, wala haziongezi mbegu za mume. Katika Afrika kusini mwa Sahara, mirija iliyoharibiwa na maambukizo ya zamani ni miongoni mwa sababu kubwa za ugumba, na bado si ajabu kumkuta mwanamke aliyemeza klomifeni kwa miezi mingi, dawa aliyoinunua kwa ushauri wa jirani, ilhali mirija yake yote miwili imeziba na mumewe hajawahi kupimwa. Jambo hili linasikitisha sana, kwa sababu miezi hiyo hairudi, na kwa mwanamke wa miaka 37 muda ndicho kitu cha thamani kuliko dawa yoyote iliyopo kabatini.

Omba kwanza kipimo cha mbegu za mume, picha ya eksirei ya mirija, ultrasaundi ya ovari na mji wa mimba, na kipimo cha damu cha homoni ya tezi ya shingo pamoja na prolaktini. Prolaktini ikiwa juu, dawa ya kuishusha mara nyingi huurudisha mzunguko wa hedhi bila kuhitaji kitu kingine. Ukielekea kwenye IVF, yaani kurutubisha mayai nje ya mwili, utapimwa pia homoni ya AMH, ambayo hukadiria ni mayai mangapi yataitikia sindano. AMH ikiwa chini haina maana kwamba hutashika mimba, na ikiwa juu si ahadi ya mtoto. Manufaa yake makubwa ni kumsaidia daktari kupanga dozi na kutabiri hatari ambayo tutaieleza hapo mbele.

Vidonge: letrozoli au klomifeni

Anayefaidika zaidi na vidonge ni mwanamke ambaye hedhi yake huja mara chache kwa sababu ya PCOS, yaani hali ambayo ovari hubeba vifuko vingi vidogo bila yai kukomaa na kuachiwa. Klomifeni imetumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1960, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1967. Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, kisha ikaonekana kuwa inaweza kupevusha mayai.

Dawa hizi mbili huufanya ubongo uamini kuwa estrojeni imepungua, na ubongo hujibu kwa kuachia homoni ya FSH inayokuza yai. Tofauti iko katika namna. Klomifeni huziba vipokezi vya estrojeni, na kwa kuwa sehemu yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, haizibi vile vya ubongo pekee. Kwa baadhi ya wanawake utando wa ndani wa mji wa mimba huwa mwembamba na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, yaani dawa hulikuza yai huku ikiharibu mahali litakapotua. Letrozoli hupunguza utengenezaji wa estrojeni kwa siku chache tu. Nusu yake hutoka mwilini kwa takriban siku mbili, hivyo yai linapoachiwa dawa huwa imekwisha kuondoka.

Maelezo hayo yalipata uthibitisho mwaka 2014, katika utafiti wa Marekani uliowagawa kwa kura wanawake 750 wenye PCOS. Waliopewa letrozoli kwa hadi mizunguko mitano, asilimia 27.5 walijifungua mtoto aliye hai. Waliopewa klomifeni walikuwa asilimia 19.1. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2018, na ule wa 2023 ulioufuata, uliiweka letrozoli kuwa dawa ya kwanza kwa mwanamke mwenye PCOS ambaye tatizo lake ni mayai kutoachiwa. Kwa hiyo, ikiwa una PCOS na umeandikiwa klomifeni, una haki ya kuuliza kwa upole kwa nini si letrozoli. Pengine jibu litakuwa kwamba letrozoli haipatikani mahali ulipo, na hilo ni jibu la kweli. Klomifeni bado ni dawa inayofanya kazi.

Wanawake wengi huogopa wanapofungua kijikaratasi cha letrozoli na kusoma habari za saratani, au wanaposikia kwamba humdhuru mtoto. Hofu hiyo ya pili ilienea mwaka 2005 baada ya taarifa moja iliyotolewa katika mkutano wa madaktari. Mwaka uliofuata watafiti wa Canada walichapisha matokeo ya watoto 911, na kasoro za kuzaliwa zilionekana kwa asilimia 2.4 ya watoto wa letrozoli na asilimia 4.8 ya watoto wa klomifeni. Jambo la lazima ni kuhakikisha kwamba huna mimba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha kila mzunguko, hata kama umeona damu kidogo, kwa kuwa dawa hii haifai kumkuta mtoto tumboni.

Metformini, dawa ya kisukari, nayo huandikwa sana. Kwa mwenye PCOS na sukari iliyopanda ina faida zake, lakini peke yake si dawa ya kutegemewa kuleta mtoto: katika utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 626, waliojifungua walikuwa asilimia 7.2 kwa metformini, asilimia 22.5 kwa klomifeni, na asilimia 26.8 kwa zote mbili pamoja, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kuwa kuchanganya kunazidi klomifeni peke yake.

Matumizi yenyewe huwa hivi. Letrozoli ya miligramu 2.5 humezwa kwa siku tano, mara nyingi kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 ya hedhi. Karibu na siku ya 12 hufanyika ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vinavyokua. Kikionekana kimoja au viwili vilivyokomaa, wenzi hukutana siku hizo. Vikiwa vitatu au zaidi, ushauri wa busara ni kujizuia au kutumia kondomu mwezi huo, hata kama moyo unakataa. Yai lisipoachiwa, daktari hupandisha dozi mzunguko unaofuata hadi miligramu 5, kisha 7.5. Projesteroni ya damu inayopimwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa huonyesha kama yai liliachiwa. Ukiona umepewa vidonge vya miezi mitatu bila tarehe hata moja ya ultrasaundi au damu, rudi ukaulize. Na ikiwa mayai yameachiwa kwa mizunguko sita bila mimba, kuendelea na vidonge vile vile ni kupoteza muda.

Sindano na pacha

Wenzi ambao vipimo vyao vyote ni vizuri na bado mimba haiingii mara nyingi hushauriwa kuchochea ovari, kisha mbegu za mume zilizosafishwa kuwekwa ndani ya mji wa mimba. Hapa uchaguzi wa homoni hubadilisha matokeo kwa namna mbili zinazokinzana, na ni mahali ambapo mgonjwa anahitaji kuambiwa ukweli wote.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 uliwafuatilia wenzi 900 wa aina hii kwa hadi mizunguko minne. Waliopata mtoto aliye hai walikuwa asilimia 32.2 kwa sindano za gonadotropini (homoni za kukuza mayai, kama FSH), asilimia 23.3 kwa klomifeni, na asilimia 18.7 kwa letrozoli. Kumbe letrozoli inayoshinda kwa wenye PCOS haishindi kwa wanawake ambao mayai yao huachiwa kila mwezi bila tatizo. Ndiyo maana dawa iliyomfaa rafiki yako haipaswi kuwa hoja ya kuidai. Kwa upande wa pili, karibu thuluthi moja ya mimba zilizotokana na sindano zilikuwa za watoto zaidi ya mmoja, na kumi kati yake zilikuwa za watoto watatu. Kwa vidonge hapakuwa na mimba hata moja ya watoto watatu.

Pacha hupokewa kwetu kwa vigelegele, na mtu aliyengoja mtoto kwa miaka kumi haoni ubaya wa kupewa wawili kwa mpigo. Lakini zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na watoto watatu huzaliwa mapema zaidi, wakihitaji joto, oksijeni na wauguzi kwa wiki kadhaa. Kwa maoni yangu, anayeishi mbali na hospitali yenye wodi ya watoto njiti asikubali sindano za kuchochea bila IVF, isipokuwa kama kliniki inapiga ultrasaundi mara kwa mara na iko tayari kuusimamisha mzunguko vifuko vinapozidi. Uliza kabla ya kulipa: mnasimamisha mkiona vifuko vingapi? Kliniki isiyo na jibu la swali hilo haijajiandaa.

Kuchochea ovari kwa ajili ya IVF

Mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja lililokomaa lenyewe bila dawa ya kuchochea. Sindano zilikuja ili kupata mayai zaidi, kwa kuwa si kila yai hurutubishwa na si kila kiinitete hufika siku ya tano ya kukua maabara. Lakini kuongeza mayai kuna kikomo. Uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 400,000 ya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba uwezekano wa kupata mtoto kwa kiinitete kibichi, yaani kisichogandishwa, hupanda hadi takriban mayai 15, hutulia kati ya 15 na 20, kisha hushuka.

Kuhusu dozi, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2017 ulilinganisha dozi ya kawaida ya yuniti 150 kwa siku na dozi iliyopangwa kwa kuhesabu vifuko vya kila mgonjwa. Waliotabiriwa kutoa mayai machache hawakupata watoto zaidi kwa kuongezewa dawa, na waliotabiriwa kutoa mengi hawakupoteza watoto kwa kupunguziwa, bali walipungukiwa na hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Ukiambiwa kwamba ovari zako ni dhaifu hivyo dozi iongezwe mara mbili, na bei nayo iongezeke mara mbili, una msingi wa kuuliza faida yake iko wapi.

Chapa ya sindano haina uzito mkubwa. Gonadotropini inayotolewa kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi na ile inayotengenezwa maabara hazitofautiani kwa kiasi cha maana katika watoto wanaozaliwa. Chagua kwa bei, upatikanaji na uhifadhi. Uhifadhi ndio unaosahaulika: kalamu nyingi za FSH huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa muda maalumu ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hupita kiwango hicho mchana kutwa. Ziweke ndani ya friji, mbali na sehemu ya kugandisha, na umeme ukikatika usifungue mlango ovyo.

Uchaguzi mzito zaidi ni wa dawa inayozuia mayai yasiachiwe kabla ya kuvunwa. Njia ya zamani ni kuizima tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwa sindano za agonisti kuanzia mzunguko uliotangulia. Njia ya pili ni antagonisti, inayoanza katikati ya kuchochea na kuchukua siku chache. Watoto wanaozaliwa kwa njia hizi mbili wanakaribiana kwa idadi, lakini antagonisti hupunguza waziwazi hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Njia ya tatu, iliyopata umaarufu kutokana na kazi ya madaktari wa Shanghai tangu mwaka 2015, hutumia vidonge vya projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, vinavyomezwa kila siku badala ya sindano. Ni rahisi kwa bei na havihitaji friji, ila viinitete vyote lazima vigandishwe, kwa kuwa vidonge hivyo huuvuruga utando wa mji wa mimba kwa mzunguko huo. Hesabu gharama ya kugandisha kabla ya kufurahia punguzo.

Sindano ya kukomaza mayai

Ovari iliyochochewa kupita kiasi huvimba, maji huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni, damu huwa nzito na inaweza kuganda mishipani. Kinachoiwasha hali hiyo mara nyingi ni hCG, homoni inayotumika kuyakomaza mayai kabla ya kuvunwa, kwa sababu hukaa kwenye damu kwa siku nyingi ikiendelea kuichochea ovari. Badala yake daktari anaweza kutumia dozi ya agonisti, ambayo huifanya pituitari yenyewe iachie homoni kwa muda mfupi, na hatari karibu itoweke.

Hapa ndipo uamuzi wa siku ya kwanza unapoonekana. Aliyezimiwa pituitari kwa njia ya zamani hawezi kutumia agonisti ya kukomaza, kwa kuwa tezi haina tena cha kuachia. Aliyeanza na antagonisti au projestini anaweza. Kwa hiyo mwenye PCOS, au mwenye AMH iliyo juu, aulize kabla ya sindano ya kwanza kabisa: ikiwa mayai yatakuwa mengi mno, tutayakomaza kwa nini? Agonisti nayo ina gharama yake. Ovari hunyamaza mapema, projesteroni huanguka, na kiinitete kibichi kikipandikizwa katika mzunguko huo mimba hupungua na zinazoharibika huongezeka. Suluhisho la kawaida ni kugandisha viinitete vyote na kupandikiza baadaye.

Sindano hii hupigwa takriban saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna mayai, na saa yake hupangwa na kliniki. Tega kengele mbili. Ukichelewa, piga simu kliniki usiku huo huo na useme saa halisi, kwa maana wanaweza kusogeza muda wa kuvuna, ilhali wasipojua wanaweza kukuta mayai hayajakomaa. Baada ya hCG usijipime mimba kwa mkojo ndani ya wiki mbili, kwa sababu kipimo kinaweza kuisoma dawa yenyewe. Tumbo likijaa haraka, uzito ukipanda siku hadi siku, mkojo ukipungua, pumzi ikiwa fupi au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali bila kungoja miadi.

Kiinitete kibichi au kilichogandishwa, na mzunguko wa aina gani

Mwaka 2016 watafiti wa China walichapisha matokeo ya wanawake 1,508 wenye PCOS. Waliogandisha viinitete vyote walijifungua kwa asilimia 49.3, na waliopandikiza vibichi kwa asilimia 42.0; ovari kuchochewa kupita kiasi ilitokea kwa asilimia 1.3 dhidi ya 7.1. Kwa wanawake wasio na PCOS, tafiti mbili za mwaka 2018, moja ya Vietnam na nyingine ya China, hazikuona tofauti ya watoto waliozaliwa hai. Kugandisha kila kitu kwa kila mtu, basi, hakuna msingi, ila kuna msingi kwa mwenye PCOS, kwa aliyetoa mayai mengi sana, na kwa aliyepandisha projesteroni mapema, takriban juu ya nanogramu 1.5 kwa mililita siku ya sindano ya kukomaza, kwa kuwa utando wake huwa umetangulia mbele ya kiinitete.

Utafiti ule wa China ulikuwa na takwimu nyingine iliyostahili kutazamwa zaidi: shinikizo la damu la ujauzito linalotangulia kifafa cha mimba liliwapata asilimia 4.4 ya waliogandisha, dhidi ya asilimia 1.4 ya wenzao. Sehemu ya maelezo inaonekana kuwa katika homoni zinazouandaa mji wa mimba. Yai linapoachiwa, kifuko lilikotoka hugeuka kuwa tezi ndogo ya manjano, ambayo hutoa projesteroni na estrojeni, na pia rilaksini na vitu vingine vinavyoisaidia mishipa ya damu ya mama kuipokea mimba. Katika mzunguko wa dawa tupu, ambapo mwanamke hupewa estrojeni na kisha projesteroni bila yai lolote kuachiwa, tezi hiyo haipo. Sisi humrudishia homoni mbili na kumwacha bila zile nyingine.

Takwimu za kitaifa za Sweden zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa mimba zilizotokana na mizunguko ya dawa tupu zilikuwa na shinikizo la damu zaidi, damu nyingi zaidi baada ya kujifungua, na watoto wakubwa kupita kiasi zaidi, zikilinganishwa na mizunguko ya asili. Tafiti nyingine za uchunguzi zimeelekea upande huo huo. Tafiti hizi hazikuwagawa wanawake kwa kura, na wanawake wanaowekwa kwenye dawa tupu wana tofauti zao tangu awali, lakini mwelekeo umejirudia vya kutosha kuuliza swali ambalo ningependa kila mgonjwa aliulize: je, katika mzunguko wangu yai litaachiwa?

Mwenye hedhi ya kawaida anaweza kupandikizwa katika mzunguko wake wa asili, kwa kufuatiliwa kwa ultrasaundi na damu. Mwenye PCOS anaweza kupewa letrozoli ili yai moja likue na tezi ya manjano ipatikane. Mizunguko ya dawa tupu ina mahali pake halali: mwanamke ambaye ovari zake zimenyamaza na anatumia mayai ya kupewa hana njia nyingine, na anayesafiri kutoka Kigoma au Bujumbura hadi kliniki ya mbali huhitaji tarehe isiyobadilika. Kisichofaa ni kuwekwa huko kwa sababu tu ratiba ya kliniki ni nyepesi hivyo, bila kuambiwa kuwa kuna chaguo.

Projesteroni: ipi, kwa njia ipi, hadi lini

Historia ya homoni za kulinda mimba inatufunza kudai ushahidi. Estrojeni iliyoitwa diethilistilbestroli walipewa wajawazito tangu miaka ya 1940 ili mimba zisiharibike. Mwaka 1953 utafiti uliofanywa Chicago ulionyesha kwamba haizuii chochote, lakini iliendelea kuandikwa hadi mwaka 1971, ilipobainika kuwa inasababisha saratani adimu ya uke kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wakiimeza.

Projesteroni si dawa hiyo, na baada ya IVF ina kazi iliyothibitika. Kwa kiinitete kibichi, ya ukeni inatosha, na didrojesteroni ya kumeza, miligramu 10 mara tatu kwa siku, ilionekana katika tafiti mbili kubwa kuwa haizidiwi na ya ukeni. Mgonjwa anayefunga Ramadhani amweleze daktari mapema, kwa sababu dozi ya mchana haipaswi kurukwa kimyakimya.

Kwa kiinitete kilichogandishwa katika mzunguko wa dawa tupu hali hubadilika, maana projesteroni yote ya mwilini ni ile unayopewa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 ulilinganisha njia tatu: sindano ya miligramu 50 kila siku, ya ukeni peke yake, na ya ukeni pamoja na sindano kila siku ya tatu. Waliojifungua walikuwa asilimia 44, 27 na 46. Waliotumia ya ukeni peke yake walishika mimba, lakini nyingi ziliharibika. Sindano ya mafuta inauma na kuacha uvimbe mgumu kwenye kalio. Kuchanganya kwa siku ya tatu kulileta matokeo yale yale kwa maumivu machache, na ndiyo njia ambayo ningeiulizia kwanza. Ikiwa kliniki yako hutumia ya ukeni peke yake, omba kiwango cha projesteroni kipimwe siku ya kupandikiza au kabla yake kidogo; kikiwa chini ya takriban nanogramu 10 kwa mililita, kuongezewa ni jambo la kujadiliwa siku hiyo hiyo. Mwenye mzio wa karanga au ufuta aseme, kwa kuwa mafuta ya sindano hizi mara nyingi hutokana na mbegu hizo. Sindano za ziada za hCG baada ya kupandikiza usizikubali kama ovari zilitoa mayai mengi, kwani huirudisha ile hatari ya kuvimba.

Baada ya kipimo kuonyesha mimba

Usiache homoni kwa sababu kipimo kimekubali. Katika miaka ya 1970 daktari Arpad Csapo alionyesha kuwa tezi ya manjano ikiondolewa kabla ya wiki ya saba mimba huharibika, na projesteroni ikitolewa mimba husalia. Baada ya hapo kondo huanza kujitegemea. Aliye kwenye mzunguko wa dawa tupu huendelea na estrojeni na projesteroni hadi tarehe aliyoandikiwa, kwa kawaida karibu na wiki ya 10 au 12, na anunue akiba mapema ili asiishiwe mwisho wa wiki. Aliyepandikizwa katika mzunguko wenye yai anaweza kuacha mapema zaidi.

Damu ikionekana mwanzoni mwa mimba, projesteroni humsaidia hasa yule aliyewahi kupoteza mimba. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, wenye wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa na damu, ulipata tofauti ndogo kwa jumla, asilimia 75 ya waliopewa walijifungua mtoto aliye hai dhidi ya 72 ya wasiopewa, lakini kwa waliopoteza mimba tatu au zaidi ilikuwa asilimia 72 dhidi ya 57.

Unapoanza kliniki ya wajawazito, peleka karatasi yenye mambo manne: kiinitete kilikuwa kibichi au kiligandishwa, mzunguko ulikuwa na yai au wa dawa tupu, viinitete vingapi viliwekwa, na homoni gani unatumia hadi tarehe ipi. Mkunga hawezi kuyajua haya kwa kukutazama, na wengi huyaficha kwa kuogopa maneno ya watu. Aliyetoka kwenye mzunguko wa dawa tupu aombe shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio pamoja na protini ya mkojo, aulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa karibu na wiki ya 12 kwa wenye hatari ya kifafa cha mimba, na apange kujifungulia mahali penye damu ya kuongezewa.